Kazi Yangu ya Kujaribu Milango



Muhula huu ndio wa mwisho kwangu katika shule hii, na Mhariri ameniomba niandike habari za kazi ambayo wengi wenu hamjui kuwa ipo. Kila mtu hapa anamjua apigaye kengele, na atunzaye funguo za maktaba, na apandishaye bendera asubuhi. Lakini kila Ijumaa jioni, kabla ya masomo ya usiku, mwanafunzi mmoja wa Chama cha Kompyuta huketi peke yake mbele ya mashine, akaiuliza maswali 46, kisha akayatazama majibu yake moja moja. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, mwanafunzi huyo nalikuwa mimi.

Nimeona vema nieleze kazi hiyo ni nini. Tena nataka kueleza kosa nililolifanya katika kazi hiyo, kwa maana lilimwumiza mtu asiye na hatia, nami sitaki kuondoka kabla sijalisema mbele ya shule nzima.

Shule yetu ina kompyuta 24. Ishirini zi katika chumba cha kompyuta, mbili maktaba, moja katika chumba cha walimu, na moja katika ofisi ya taaluma. Zote zimeungwa kwa waya na mashine moja iitwayo seva. Mtu akitaka kutumia kompyuta yo yote huandika jina lake na neno lake la siri. Wengi wetu hudhani kwamba hayo yatosha. Sivyo. Neno la siri husema wewe ni nani. Halisemi kama una ruksa ya kuingia katika mashine ile. Mlinzi wa getini anakujua barabara kuwa u mwanafunzi wa shule hii, walakini kujulikana huko hakukupi ruksa ya kuingia ghala ya chakula. Kujulikana ni jambo moja, kuruhusiwa ni jambo jingine.

Seva yetu hutumia programu iitwayo FreeIPA. Ndani yake mna kanuni, na kila kanuni hujibu maswali matatu: Nani? Mashine ipi? Mlango upi? Nikisema mlango nina maana ya njia ya kuingilia, kwa kuwa mtu aweza kuingia kwa kukaa mbele ya kioo cha mashine yenyewe, au aweza kuingia kwa mbali kwa kupitia waya. Yote matatu yakilingana na kanuni moja, mtu huyo hupata ruksa. Yasipolingana na kanuni yo yote, mlango haufunguki. Hakuna kanuni ya kukataza. Zipo za kuruhusu tu, na kwa hiyo haidhuru ipi imeandikwa kwanza na ipi imeandikwa mwisho.

Kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Programu hiyo ikiwa mpya huja na kanuni moja iliyokwisha andikwa, jina lake allow_all, nayo huwaruhusu watu wote kuingia mashine zote kwa milango yote. Waliitia humo makusudi, ili mwenye seva asijifungie nje siku ya kwanza. Baada ya kuandika kanuni zake mwenyewe hana budi kuizima. Mwalimu wetu wa kompyuta hutuambia kwamba asiyeizima ni kama mtu aliyenunua kufuli zuri akaliacha na ufunguo wake ndani.

Sasa, mtu atajuaje kama kanuni alizoandika zinafanya kama alivyokusudia? Swali hili si la jana. Mwaka 1990, katika chuo kikuu cha ufundi cha Eindhoven, nchi ya Uholanzi, palikuwa na mtu aliyekuwa akiingia kwa siri katika kompyuta za chuo na kufuta mafaili. Bwana mmoja wa chuo hicho, Wietse Venema, akatunga programu ndogo ya kusimama mlangoni na kuandika nani amekuja na ametoka mashine gani. Baadaye ikapewa na uwezo wa kuruhusu na kukataa. Programu hiyo iliitwa TCP Wrappers, nayo ilitumika katika nchi nyingi kwa miaka mingi.

Kanuni zake ziliandikwa katika mafaili mawili, hosts.allow na hosts.deny. La kwanza husomwa kwanza, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaokata shauri. Pasipokuwa na mstari unaolingana katika mafaili yote mawili, mgeni huruhusiwa. Angalieni, hiyo ni kinyume cha desturi ya seva yetu. Huku kimya ni kukataa. Kule kimya kilikuwa kukubali. Mtu aliyezoea mlango mmoja akipewa kuutunza mlango mwingine aweza kufanya madhara makubwa bila ya kujua.

Kwa sababu hiyo Bwana Venema alitoa pamoja na programu yake vyombo viwili vya kujaribia. Kimoja, tcpdchk, husoma kanuni na kuonyesha makosa ya uandishi. Cha pili, tcpdmatch, hupewa jina la mlango na jina la mgeni, kikasema mgeni huyo angeruhusiwa au angekataliwa. Maelezo ya chombo hicho yanasema kwamba hutabiri. Nawaombeni mlikumbuke neno hilo, kutabiri, maana nitalirudia.

FreeIPA nayo inacho chombo chake, kiitwacho hbactest. Ukikiambia mtu fulani, mashine fulani, mlango fulani, hujibu kama ana ruksa au hana, na hutaja kanuni zilizolingana na zisizolingana. Waweza hata kuijaribu kanuni ambayo bado haijawashwa. Wanafunzi waliotutangulia katika Chama walikichukua chombo hicho wakakitungia programu ndogo ya kukisimamia. Programu hiyo ina orodha ya maswali, na mbele ya kila swali limeandikwa jibu lipasalo. Mfano: mwalimu wa taaluma, mashine ya taaluma, kukaa mbele ya kioo: ruksa. Mwanafunzi wa Kidato cha 2, mashine hiyo hiyo: hapana. Programu huuliza yote 46, kisha hulinganisha jibu la seva na jibu lipasalo. Yakitofautiana hupiga kelele.

Nalipoipokea nalidhani ni kazi ya kubonyeza tu. Nikakuta kwamba kubonyeza ni kazi ya dakika mbili, na kuitunza programu ni kazi ya mwaka mzima. Wanafunzi huingia na kumaliza. Basi majina katika maswali hayana budi kubadilishwa, ama sivyo utakuwa ukiuliza habari za mtu aliyekwisha ondoka. Mwalimu akiongeza mashine, maswali yaongezwe. Safari moja tulibadilisha programu inayoonyesha kioo cha kuingilia, na jina la mlango likabadilika pamoja nayo. Maswali yangu yakaendelea kuuliza habari za mlango wa zamani, na seva ikaendelea kujibu vizuri kabisa, kwamba hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kupita mlango ule. Ilikuwa kweli, ila mlango wenyewe haukuwapo tena. Kosa hilo nalilivumbua baada ya Ijumaa tatu, nikalirekebisha, nikajisifu moyoni. Laiti ningalijifunza badala ya kujisifu.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha 4 alipewa ruksa ya wiki mbili kutumia mashine ya taaluma, apate kuandika orodha ya vitabu vya maktaba na kuichapa, kwa kuwa mashine ya kuchapia imo katika ofisi ile. Wiki mbili zilipokwisha, siku ya Jumatatu, Mwalimu nami tulimwondoa katika kanuni, nami nikaongeza swali katika orodha yangu: mwanafunzi huyu, mashine ya taaluma: hapana. Ijumaa yake nikauliza maswali yote. Majibu yote yakawa sawasawa.

Jumatatu iliyofuata, faili la maksi za Hisabati za Kidato cha 3 halikuonekana. Lilikuwa katika folda ya pamoja ambamo mafaili ya kuchapwa huwekwa, na sasa halimo. Maksi zenyewe hazikupotea, kwa kuwa kila mwalimu anazo katika daftari lake. Lakini faili la maksi likitoweka ni jambo zito katika shule yo yote. Mwalimu wa Taaluma aliniita akaniuliza, “Je, yuko mwanafunzi awezaye kuingia katika mashine hii?”

Nikamwambia, “Ngoja nikuangalilie, Mwalimu.” Nikaenda chumba cha kompyuta, nikaiendesha programu yangu, nikarudi. Nikamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye: “Hayuko, Mwalimu. Wawezao kuingia ni watatu tu: wewe, Mkuu wa Shule, na Mzee Karani.”

Akauliza kama iko haja ya kulitazama daftari la mashine, yaani kumbukumbu ambayo kila mashine hujiandikia yenyewe, nani ameingia na saa ngapi. Nikamwambia hakuna haja, kwa sababu programu imekwisha jibu.

Basi fikirini wenyewe. Mwalimu wa Taaluma hakulifuta, na Mkuu wa Shule alikuwa safarini. Akabaki mmoja. Hakuna aliyemwita Karani mwizi wala mwongo, ila aliulizwa mara moja, na mara ya pili, na siku ya tatu akatakiwa aandike maelezo kwa mkono wake. Mzee huyo amekuwa katika ofisi ile tangu kabla sisi hatujazaliwa. Siku zile tatu nalimwona mara nyingi akifungua makabati ya karatasi na kuyafunga tena, kana kwamba faili la kompyuta laweza kulala katikati ya majalada. Nami nilikuwa nikipita na kumwamkia, “Shikamoo, Mzee,” naye hujibu, “Marahaba, mwanangu,” kama siku zote. Sikujua kwamba mimi ndimi niliyemtia katika taabu ile.

Jumatano Mwalimu wa kompyuta alinipa kazi ya kupeleka programu mpya katika mashine zote. Nikazituma kutoka kwenye seva. Mashine 23 zikajibu, na moja haikujibu. Ilikuwa ile ya taaluma. Nikaenda kutazama. Ofisi ile i hatua 40 kutoka chumba cha kompyuta; nimezihesabu baadaye. Nikainama chini ya meza, nikaona waya wa mtandao umechomoka. Kilimi chake cha plastiki kilikuwa kimevunjika, na bila ya shaka ufagio uliupiga siku ya usafi mkuu, Jumamosi, siku 11 kabla ya hapo.

Hapo ndipo nilipofahamu, na mwili ukanisisimka. Kwa maana kila mashine ina mlinzi wake ndani, programu iitwayo SSSD. Mlinzi huyu huchukua kanuni kutoka kwenye seva na kujiwekea akiba. Akiweza kuongea na seva, hufuata kanuni za leo. Asipoweza, hufuata zile alizozipata mara ya mwisho, na hata maneno ya siri ya watu waliopata kuingia katika mashine ile aweza kuyakubali kwa akiba aliyo nayo. Hilo si kosa lake. Wamemtengeneza hivyo makusudi, ili seva ikizimika, ofisi zisisimame kazi. Lakini waya wetu ulichomoka Jumamosi, na ruksa ya yule mwanafunzi tuliiondoa Jumatatu. Habari hiyo haikumfikia mlinzi kamwe. Seva ilikuwa ikisema hapana, na mlango ulikuwa wazi.

Programu yangu haikudanganya. Iliulizwa sheria inasemaje, ikajibu sheria inasemaje. Ilitabiri. Mimi ndimi niliyeuchukua utabiri nikautoa kama ushahidi wa macho.

Nikamwita Mwalimu, naye akalifungua daftari la mashine mbele yangu. Alhamisi, saa 10 na robo alasiri, jina la yule mwanafunzi wa Kidato cha 4 lilikuwamo. Alipoulizwa alisema kweli mara moja. Alirudi kusahihisha majina mawili ya vitabu, na kwa kuwa mlango ulifunguka alidhani ruksa yake ingalipo. Alipomaliza akasafisha folda, akidhani kila kilichomo ni karatasi zake za kujaribia. Hakujua kuna faili la maksi ndani yake. Alikuwa amesikia fununu za faili lililopotea, akaogopa kuuliza. Yeye alionywa, na mambo yake yakaisha hapo.

Yangu yalikuwa bado. Nalikwenda kwanza kwa Mwalimu wa Taaluma, nikamweleza yote, pamoja na lile la kumwambia hakuna haja ya kutazama daftari. Akaniambia, “Hayo mwambie mwenyewe aliyeandikishwa maelezo.” Basi nikaenda ofisini kwa Karani, nikasimama. Nikamwambia kwamba mimi ndimi niliyesema watu watatu tu, na ya kuwa nimesema bila ya kuja kutazama.

Mzee alinyamaza kitambo, akaweka kalamu chini. Kisha akasema, “Umefanya vema kuja, mwanangu. Lakini siku ile ulipoulizwa habari za mashine iliyo mbele yangu, ulikwenda kuiuliza mashine nyingine. Kwa nini hukuja hapa?” Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo.

Tangu siku hiyo tumeitengeneza programu upya. Kwanza, baada ya kuiuliza seva, huenda kwa kila mashine na kumwuliza mlinzi wake kama anaiona seva au haioni, na huyo anayeulizwa angesema nini mlangoni pake. Pili, tumetunga mtumiaji wa kubuni, asiye na ruksa katika mashine za ofisi, na kila Ijumaa hujaribu kuingia humo kweli kweli. Akifanikiwa, tunajua pana kasoro. Tatu, na hili ndilo nililopigania zaidi, programu sasa ina majibu matatu badala ya mawili. Zamani ilisema “ruksa” au “hapana”. Sasa husema pia “sijui”. Mashine isiyojibu haiandikwi kuwa salama. Huandikwa “sijui”, kwa herufi nyekundu, na mtunzaji hana budi kuondoka kitini akaenda kuitazama kwa macho yake.

Wenzangu wengine wa Chama walisema kwamba programu inayosema “sijui” itaonekana ya kijinga mbele ya walimu. Nikawajibu kwamba ile ya kwanza ilionekana yenye akili sana, na ona ilivyotufikisha.

Wazazi mtakaosoma haya mtauliza kama maksi za watoto wenu zi salama. Nawajibu kwa kadiri nijuavyo: kanuni zimejaribiwa, mashine zimejaribiwa, waya umewekwa kichwa kipya na kupigiliwa ukutani, na daftari la kila mashine husomwa kila mwisho wa wiki na Mwalimu mwenyewe.

Muhula ujao kazi hii itashikwa na mwanafunzi wa Kidato cha 5, ambaye ameketi nami Ijumaa sita zilizopita. Maswali sasa ni 58. Nimemwachia daftari lenye sababu ya kila swali, liliongezwa lini na kwa ajili gani, kwa maana swali lisilo na sababu hufutwa na mtu wa baadaye akidhani halina kazi. Katika ukurasa wa kwanza nimemwandikia mambo matatu. Badilisha majina kila mwanzo wa muhula. Ukibadilisha mlango, badilisha na swali lake. Na mtu akikuuliza habari za mashine fulani, usimjibu kabla hujatembea hadi ilipo.

Nawashukuru walimu walioniachia kazi hii hata baada ya kosa langu, na namshukuru Mzee Karani, ambaye Ijumaa iliyopita alinipisha kitini pake nipate kuijaribu mashine yake, akasimama nyuma yangu mpaka jibu la mwisho likatoka.

Wasalaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6,
Chama cha Kompyuta